Onésime Byamungu Cirhuza (1961–2025) na Pontiac Isiyomtosha

Jumanne tarehe 9 Februari 2021, leseni ya udereva ya Onésime Byamungu Cirhuza ilifutwa kwa sababu ya ugonjwa wa macho. Siku kumi na tisa baadaye alinunua gari. Lilikuwa Pontiac GTO ya mwaka 1968, injini ya silinda nane, sakafu imeliwa na kutu, nusu ya vipuri vyake vimejazwa ndani ya maboksi ya ndizi. Binti yake Emmanuella alimuuliza ataliendeshaje. "Nani amesema ni mimi?" alijibu. Emmanuella aliona ni mzaha. Ilimchukua miaka mitatu na nusu kujua kwamba haukuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1961 huko Kabare, Kivu ya Kusini, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Cirhuza na Mama Veneranda. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kabare, kisha shule ya ufundi mjini Bukavu, ambako alimaliza mwaka 1981 na cheti cha umakanika. Mwalimu mmoja aliandika kwenye ripoti yake kwamba kijana huyu ana mikono mizuri, ila hakazi bolti kabla ya kuuliza ilitoka wapi.

Alifanya kazi miaka kumi na tano katika gereji za malori Bukavu. Tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa na Adrienne Nabintu katika parokia ya Kadutu. Bwana harusi alikuwa na urefu wa mita moja na sentimeta themanini na saba, bibi harusi mita moja na arobaini na tisa. Katika picha ya siku hiyo mabega yao yanakaribiana, kwa sababu chini ya gauni Adrienne amesimama juu ya kreti ya bia.

Vita vilipofika Bukavu mwishoni mwa Oktoba 1996, Onésime alikuwa Uvira, alikotumwa kutengeneza lori. Nyumbani, gari dogo la kazini lilikuwa limeegeshwa uani, lina mafuta, ufunguo uko mezani. Adrienne hakujua kuendesha. Alimbeba mgongoni mtoto wao Heshima, mwenye miaka minne, akatembea siku tisa hadi Mwenga. Onésime aliwapata baada ya miezi mitano, wakiwa wameshavuka hadi Tanzania, katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Emmanuella alizaliwa kambini humo mwaka 1999. Habari ya ufunguo aliisikia kwa shangazi zake. Wazazi wake hawakuizungumza mbele yake hata mara moja.

Familia ilifika Stockholm tarehe 14 Novemba 2007 na kupewa nyumba katika mtaa wa Alby. Onésime aliosha mabasi miaka miwili, kisha akaingia karakana ya mabasi hayo hayo na kufanya kazi humo hadi alipostaafu. Presha ya macho ilikuwa imemnyang'anya uwezo wa kuona pembeni: kilicho mbele yake alikiona hadi uzi wa skrubu, kilicho ubavuni hakukijua. Ndiyo maana kila spana aliining'iniza ukutani mahali pake, na aliyeihamisha alisikia habari yake.

Pontiac aliitengenezea katika gereji ya mtaa wa Spånga, aliyoishiriki na Hamid, fundi wa kunyoosha bodi kutoka Mombasa. Kila Jumamosi Emmanuella alimsindikiza baba yake, kwanza kwa metro, halafu kwa treni. Alimwona akikata sakafu iliyooza na kuchomelea bati jipya, akifungua kabureta na kuipanga vipande vipande juu ya gazeti. Hayo aliyaelewa. Hakuelewa Jumamosi moja ya Machi 2023 alipokuta giaboksi ya mkono, iliyokuja na gari kutoka kiwandani, iko chini sakafuni, na pedali ya klachi imetolewa.

"Mzee, umeng'oa gia za GTO?" Hamid aliuliza. "Waswidi wanaopenda magari haya wakisikia watatufukuza Spånga."

"Naweka otomatiki."

"Na thamani yake je?"

"Mimi siuzi. Lete ile jeki."

Mwezi uliofuata kilipotea kiti cha jikoni. Ni kiti ambacho Onésime alikuwa amekikata miguu ili Adrienne akikaa, nyayo zake ziguse sakafu. Siku hiyo Adrienne alikula chakula huku miguu yake ikining'inia.

"Baba Heshima, kiti yangu iko wapi?"

"Iko kazini."

Alikuwa amekibeba hadi Spånga, na treni ilipochelewa alikikalia kwenye jukwaa la kituo, watu wakimpita. Emmanuella alikikuta gereji, kimewekwa kando ya Pontiac, baba yake amepiga magoti na futi mkononi. Reli za kiti cha dereva zilisogezwa mbele, kiti kikainuliwa. Onésime alipojaribu kukaa, magoti yaligonga usukani, kichwa kikagusa dari. Akatoka ameridhika kabisa.

Alhamisi tarehe 12 Septemba 2024, Hamid akiendesha, gari lilipita ukaguzi na kusajiliwa. Jumapili yake Onésime alimpeleka mkewe Spånga na kumfungulia mlango wa kushoto, ule wa dereva. Adrienne alikaa. Mguu ulifika kwenye breki.

"Nani alikuambia ninataka?" aliuliza.

"Hakuna. Lakini ufunguo ilikuwa mezani, Adrienne."

Alishika usukani kwa mikono miwili. Kisha akashuka. Onésime alipopendekeza Hamid awazungushe mtaani, alikataa: "Abiria nimekuwa ya kutosha." Januari alianza masomo ya udereva. Mtihani wa nadharia aliupita mara ya tatu, tarehe 19 Agosti mwaka huu.

Wakati huo Onésime alikuwa amelazwa. Saratani ya kongosho iligunduliwa mwezi Mei. Mkewe alipotaka kuahirisha mtihani wa barabarani, alimwambia, "Tarehe usiiguse." Alifariki Jumamosi tarehe 6 Septemba 2025, saa nne asubuhi, hospitalini Huddinge, Adrienne na Emmanuella wakiwa kando yake.

Wengi walitarajia kuiona Pontiac hapa makaburini leo. Hamid alijitolea kuileta. Adrienne alimshukuru, akasema mwenye gari bado hana leseni. Wapo ndugu wanaoona mjane asubiri mwaka wa maombolezo uishe. Amewasikiliza wote kwa heshima.

Marehemu ameacha mjane, Adrienne. Watoto wawili, Heshima na Emmanuella. Wajukuu wawili, Liam na Aurore. Na mdogo wake Gédéon, aliyeko Bukavu. Mungu ampe pumziko jema.

Jumanne tarehe 7 Oktoba, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Adrienne atafanya mtihani wa barabarani huko Farsta. Emmanuella atamsubiri nje.