Vitalu Thelathini na Kimoja

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, lori lilisimama barabarani, juu ya shamba langu, hapa Lukozi. Ndugu zangu wanachama wa ushirika, naitaja saa kwa sababu nilikuwa nayo mkononi na niliitazama. Ilikuwa Desemba. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, na wanunuzi wa Dar es Salaam walikuwa wameanza kutufuata huku milimani na fedha taslimu. Dereva akaziangalia kabichi zangu, robo eka tu bondeni, akasema, "Shikamoo mzee. Hizi zote nazichukua." Kufikia saa nne nilikuwa nimeshika fedha ambazo kahawa haijawahi kunipa kwa mkupuo mmoja.

Nawaambia, kuanguka kwangu kulianzia hapo.

Mke wangu alikuwa kwao Rangwi kwenye msiba, siku nne. Aliporudi alikuta nimeng'oa mikahawa yote, miti mia moja na themanini, mingine ya marehemu baba yangu. Alisimama ukingoni mwa shamba, mzigo bado kichwani.

"Baba watoto, umepatwa na nini?"

"Tunalima kabichi."

"Na zikikosa mnunuzi?"

"Zitakosaje? Lori linakuja mpaka mlangoni."

Akatua mzigo, akaingia jikoni. 

Mwezi wa tisa wa mwaka uliofuata nikapanda kabichi shamba zima, kwa siku mbili. Binti yetu alikuwa anamaliza darasa la saba na alikuwa amepata nafasi kwenye sekondari ya wazazi. Ada ilitakiwa ilipwe kabla ya shule kufunguliwa Januari, na asiyelipa nafasi yake hupewa mwingine. Sikuwa na fungu jingine la ada hiyo. Fedha zote nilikuwa nimezitia kwenye kabichi.

Kumbe lile lori kila mtu alikuwa ameliona. Desemba ilipofika, ukisimama barabarani uliona kabichi tu, juu na chini, zote zimekomaa wiki moja. Nilipanga magunia sitini kando ya barabara. Dereva yuleyule akapita taratibu, akatoa kichwa dirishani: "Mzee, gari limejaa. Kesho kutwa labda." Kesho kutwa ilinyesha mvua, na zilizobaki shambani zikaanza kupasuka.

Jirani yangu, mwanamke mjane ambaye shamba lake limepakana na langu, akapita na tenga la karoti kichwani.

"Kaka, umezipanga foleni vizuri. Zinakwenda Dar kwa miguu?"

Barabara nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, kisha nikashindwa. Mwishowe mfuga ng'ombe mmoja alizichukua zote kwa shilingi mia sita.

Shule ilifunguliwa. Sare ilibaki kwa fundi. Asubuhi hiyo binti yangu alitoka nje na jembe begani, akauliza, "Baba, leo nikalime wapi?" Hakulia wala hakuonyesha hasira. Aliuliza tu kama mtu anayepangiwa kazi. Nikavuka mpaka kwa yule jirani.

"Dada, wewe ulijuaje?"

"Sikujua. Nilihesabu."

"Ulihesabu nini?"

"Vitalu vyenu! Mwezi wa nane kila mtu ana kitalu cha miche kando ya mfereji. Nikienda kuchota maji naviona. Nikikuta wote mmeshika kabichi, mimi nashika karoti. Wewe na saa yako hukuona?"

Sikuwa nimeona. Nilipanda kwa kufuata bei ya mwaka uliopita, na kumbe mazao ya kushindana nami yalikuwa yanachipua njiani ninapopita kila siku.

Mwezi wa nane uliofuata nilichukua daftari la zamani la binti yangu, nikaufuata mfereji asubuhi tatu. Watu walinitania: "Jamani, bwana kodi huyo, ficheni kuku!" Nikaandika: vitalu vya kabichi thelathini na kimoja, vya nyanya tisa, vya liki, zile za jamii ya vitunguu, viwili. Jioni tukakaa watatu, mimi, mke wangu na binti. Tukakubaliana karoti, tuzipande kwa awamu tatu, zikipishana wiki mbili mbili, lori moja likijaa tusubiri jingine. Liki kidogo. Mke wangu akadai matuta ya maharage, chakula kwanza, na alikuwa sahihi. Kabichi tukaweka tuta moja la mboga ya nyumbani. Na miche sabini ya kahawa nikairudisha ardhini.

Sikushika tena fedha nyingi kama za asubuhi ile, nisiwadanganye. Lakini mara tatu niliuza, na mara zote tatu gari lilikuwa na nafasi.

Namshukuru jirani yangu, amekaa pale nyuma na ananikonyeza nimalize. Namshukuru mke wangu, ambaye hadi leo hajanikumbusha ile mikahawa. Namshukuru mwalimu mkuu aliyempokea binti yangu amechelewa mwaka mzima. Kwenu nina neno moja: kabla hujapanda, pita uone wenzako wamesia nini vitaluni, na uamue mapema utafanya nini gari likijaa kabla ya kukufikia.

Binti aliondoka Januari, saa moja kamili asubuhi. Baada ya ada, sare, godoro, ndoo na nauli, nilibakiwa na shilingi elfu mbili na mia nne.