Duara la Mama Lin

Benchi la Jumbe muuza kahawa, pale Jules Street, Malvern, mtaa wa wahamiaji kusini kabisa mwa Afrika, ni mlango mkuukuu uliolazwa juu ya kreti mbili. Asubuhi hiyo ya Aprili kahawa ilipoa vikombeni, maana macho yote yalikuwa kwenye jivu mbele ya duka la Mama Lin, Mchina muuza mablanketi. Jana yake alichora duara kwa chaki, akachoma makaratasi ndani yake huku akilia. Cyriaque, kinyozi Mrundi wanayemwita Balozi kwa vile hajatia mguu kwao miaka kumi, alilitazama jivu hilo kuliko wote.

Jumbe: Barua za mume zile. Mficha uchi hazai!

Cyriaque: Eish, Jumbe. Lile duara ni ramani ya dhahabu. Iko chini ya hii barabara, kabisa.

Jumbe: Kumbe tunakalia utajiri!

Chepngetich, Mkenya anayewatafiti Wachina kwa shahada yake ya udaktari, hakucheka.

Chepngetich: Mimi nimeharibu. Niliuliza wenye maduka arobaini, “Una dini?” Wote wakasema hawana. Nikaandika hawaamini kitu.

Jumbe: Sasa yule jana alikuwa anaota moto?

Chepngetich: Si ndio nikarudi kusoma historia yao! Hilo neno dini limeingia kwao juzijuzi tu. Kuhudumia makaburi ya wazazi hawaiti dini, ni wajibu. Aliye mbali huchora duara, anaacha mwanya upande wa kaburi, ndio hizo pesa za karatasi anazochoma zimfikie marehemu.

Cyriaque akaisahau dhahabu. Baba yake alifariki yeye akiwa njiani anakimbia, na karatasi za ukimbizi hazimruhusu kurudi. Akasogea karibu na Chepngetich.

Cyriaque: Dada, na mtu asiye Mchina, anaweza?

Chepngetich: Sijui, Balozi. Hilo sikuuliza.

Mama Lin, aliyekuwa ametoka na ufagio, alisikia. Kiswahili amekiokota kwa wateja wake Wakongo. Akampa Cyriaque kipande cha chaki. Cyriaque akapiga magoti, akazungusha duara, likakaribia kukamilika.

Mama Lin: Acha nafasi. Kaburi ya baba iko wapi?

Cyriaque akanyoosha mkono kaskazini, kisha akaushusha. Majirani ndio waliomzika mzee, nao wakakimbia. Hakuna aliyewahi kumwambia ni wapi. Cyriaque akalia kwa sauti, mchana kweupe, na Mama Lin akaweka ufagio chini, akaketi naye kwenye lami.