Fundi Mwishehe Pazi na Mashine Inayokula Inachokikuta

Dakika hii hii mwanangu Demetria, mwenye miaka mitatu, ambaye leo nimekuja naye kazini kwa kuwa mama anayemwangalia anaumwa, ameweka kijiko cha chai sakafuni, amekizungushia duara la chaki, kisha amenikazia macho. "Mama, usishike. Bado cha moto."

Kijiko ni cha baridi tangu asubuhi. Lakini nimekiruka, maana hapa yadi kwetu duara la chaki halikanyagwi. Hayo ni mafunzo ya Fundi Mwishehe. Kila chuma anachomaliza kuchomelea anakizungushia chaki, kwa sababu, anasemaga, chuma cha moto na chuma cha baridi vina sura moja. Hakuna kibarua aliyewahi kuungua mkono kwenye zamu yake.

Fundi Mwishehe Pazi anastaafu kesho Ijumaa, tarehe 27 Machi, baada ya kuitumikia yadi yetu ya makontena hapa Kurasini kwa miaka thelathini na mmoja na mwezi mmoja. Kamati ya maagano imenipa mie, Sekela wa chai na usafi, niandike wasifu wake kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Saa tisa leo kijitabu kinapelekwa kuchapwa, na kesho kila mtu atapewa chake mlangoni.

Fundi alizaliwa Kisarawe. Alijifunza kuchomelea kwenye gereji moja kule Temeke, kwa macho tu, maana mwenye gereji alimwajiri kuosha magari. Februari 1995 akaingia hapa kama kibarua wa kufagia makontena matupu. Siku moja fundi wa zamu hakutokea, na lilikuwepo kontena lililotobolewa ubavuni na foklifti, linasubiriwa. Kijana Mwishehe akaweka ufagio chini, akavaa ngao ya uso, akaziba. Msimamizi alipokuja akauliza nani amefanya kazi ile. Watu wakamnyooshea kidole wakidhani anafukuzwa. Kesho yake hakurudishiwa ufagio.

Wageni wengi hawajui kipimo chake. Akimaliza kuziba tundu anaingia ndani ya kontena, anafungiwa mlango, anasimama gizani anatafuta nuru. Ikipenya hata ya tundu la sindano, kazi inarudiwa. Sie huku nje tunamuuliza, "Fundi, jua limo?" Naye anajibu kwa sauti ya kaburini, "Limo kidogo. Leteni vijiti vya kuchomelea."

Kuna wakala mmoja wa forodha, jina namsitiri, yeye alikuwaga na tabia ya kujilaza ndani ya makontena matupu kukwepa joto. Fundi hakujua. Akaanza kuziba tundu kubwa la ubavuni. Mara sauti kutoka ndani: "Jamani! Kuna mtu humu!" Fundi akasema, "Tulia hapo hapo, braza, namalizia kona." Na kweli alimaliza kona kwanza ndipo akaenda kumfungulia. Yule wakala akatoka jasho linamchuruzika, akamwambia, "Mzee, we ungenizika!" Fundi akamjibu, "Ningekuzika, ila usingevuja."

Amefundisha mafundi kumi na mmoja. Sita wako hapa hapa, mmoja yuko Kibaha na karakana yake, wengine wametawanyika. Wa kumi na mbili ni mie, ingawa sijafika popote. Nilikuwa nampelekea chai, nasimama kutazama. Siku ya tatu akaniuliza, "Mwanangu, unaangalia nini?" Nikamwambia naangalia moto. Akanivalisha ngao. "Usiangalie moto. Moto unampumbaza kila mtu. Angalia kile kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka kinachofuata nyuma yake. Kidimbwi ndicho kazi." Tangu siku hiyo, mapumziko ya mchana nachomelea vipande viwili vitatu vya mabaki, naye ananirekebisha kiwiko. Hajawahi kunicheka, hata siku nilipokigandisha kipande cha kazi kwenye meza.

Sasa niseme kuhusu mashine. Kwa kweli nimeanza ukurasa huu mara mbili nikauchana.

Fundi Mwishehe ana nyumba yake Kibamba, na mkewe Bi Khairiya. Hana mashine. Maisha yote amechomelea kwa mashine ya yadi, ile kubwa inayotumia umeme wa njia tatu, wa viwandani. Nyumbani kwake kuna umeme wa njia moja kama kwetu sote, na jirani akichomeka pasi, taa zinafumba macho. Alishaulizia njia tatu. Akaambiwa nguzo zake zinaishia barabara kubwa, huko kwake bado.

Kwa hiyo miaka miwili hii amekuwa akitembea na picha kwenye mfuko wa shati, kaikata kwenye boksi la dukani. Ni mashine ndogo kama begi la shule. Ukiichomeka kwenye umeme wa nyumbani inafanya kazi. Ukiipeleka karakana yenye umeme mkubwa, inaujua yenyewe na inafanya kazi. Inachomelea kwa vijiti, inachomelea kwa waya, inaunga mpaka alumini, na inakata bati. Alinionyesha ile picha kama mtu anayeonyesha mjukuu. "Sekela, mashine hii ni kama mgeni mwenye adabu. Inakula inachokikuta."

Na alishapanga kila kitu. Kibamba watu wanajenga kila siku, wanataka mageti na madirisha. Shule ya pale jirani ina madawati yaliyovunjika miguu. Mama ntilie wana masufuria ya alumini yaliyong'oka mikono, na hakuna fundi wa kuyaunga. Aliniambia, "Nikikaa bila kuchomelea mwezi mmoja, mwanangu, mtakuja kunizika." Alikuwa anacheka. Ila mie nilimtazama mikono, ilikuwa haicheki. Na mie aliniambia niwe napanda Kibamba kila Jumamosi nikajifunze kutumia waya.

Kamati ilipokaa, nilisimama nikasema Fundi anatamani mashine ya kuchomelea. Watu walipiga makofi! Wengine walikuwa wanataka kumpa sofa, apumzike. Sofa ikafa pale pale. Nilirudi nyumbani Ukonga nikiimba njia nzima.

Mwenyekiti wetu, Bwana Wilbert, na mtunza stoo, Gibson, wakaenda mtaa wa Gerezani, kwenye duka la mashine la Bwana Hamoud. Akawatolea ile ile ya kwenye picha. Gibson mwenyewe ndiye alinisimulia. Anasema aliinyanyua kwa mkono mmoja, akaona haya. Akamwambia Wilbert, "Miaka thelathini na mmoja, bosi, tumpe kitu cha kubeba kama kapu la nyanya?" Wakatazamana. Pembeni palikuwa na dude la chuma lenye magurudumu, lililosukumwa na watu wanne kutoka dukani hadi kwenye gari. Bei hazikupishana sana. Wakachukua dude.

Jamani, sitaki mtu amlaumu mtu hapa. Sie wa yadi ndivyo tulivyolelewa. Kwetu kila kitu kinajulikana kwa uzito. Kontena likija jepesi kuliko karatasi yake, tunajua kuna kilichoibiwa. Wale walitaka heshima ya Fundi iwe na uzito unaoonekana. Walifanya kwa mapenzi. Ila lile dude linakula umeme wa njia tatu tu. Kibamba litakuwa kabati. Bi Khairiya atalitandikia kitambaa, ataweka redio juu.

Nilimwendea Bwana Wilbert. Nikamwamkia, nikamweleza polepole. Akaniambia, "Mama Demetria, mashine ni mashine. Mambo ya umeme waachie mafundi umeme. Usituharibie sherehe." Nikamfuata Gibson. Yeye alinielewa, nilimwona. Akajikuna kichwa akasema, "Sista, nishaipiga picha nikairusha kwenye grupu. Watu wamefurahi. Naanzaje sasa?"

Nikampigia Bwana Hamoud mwenyewe. Mungu ambariki, hakunikaripia. Akasema, "Dada, ile ndogo imebaki moja, nitakuwekea hadi Ijumaa adhuhuri. Nyaya za hiyo kubwa zimefungwa nailoni kwenye ncha. Nailoni ikiwa mahali pake, ileteni, tunabadilishana. Mkishafunga plagi mkaiwasha, hiyo ni yenu, siipokei."

Na ratiba ya kesho inasema saa nne kamili mstaafu ataiwasha mashine yake mbele ya wageni, atoe cheche ya kwanza.

Fundi anajua. Juzi alipita karakana akaliona turubai limefunika kitu, akainua pembe. Hakujua kama nipo nyuma ya mlango na ufagio wangu. Alilizunguka mara moja. Akachuchumaa akasoma kile kibati cha nyuma kinachoeleza umeme wake. Alikisoma kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha. Kisha akarudisha turubai, akalipapasa. Alipogeuka akaniona.

Nikamwambia, "Shikamoo Fundi. Niseme? Bado inabadilishika."

Akasema, "Marahaba, mwanangu. Usiseme. Zawadi hairudishwi. Watu hawa wamenipenda kadiri ya nguvu zao, nami nitaipokea."

"Na Kibamba utafanyaje?"

Akatoa ile picha mfukoni, akaitazama, akaikunja mara mbili zaidi ya ilivyokuwa imekunjwa. "Kibamba nitapumzika. Si ndiyo maana ya kustaafu?"

Fundi, nisamehe. Uliniambia nisiseme na nimesema, tena kwa maandishi, tena kwenye kijitabu chako. Nimekaa na jambo hili siku mbili, chai yangu imeungua, watu wamelalamika. Nimejiuliza labda na mie nakosa adabu. Lakini ningeandika kwamba umeondoka na furaha, ningekuwa nimeziba tundu na jua bado limo.

Ndugu msomaji, kama umepewa kijitabu hiki mlangoni na saa nne haijafika, nakuomba usikimbilie soda. Nenda kwa Bwana Wilbert. Mie nimeshamwambia akaona ni kelele za mtu wa chai. Akiambiwa na watu kumi atasikia. Gari la yadi lipo, Gerezani si mbali, na Bwana Hamoud ameshaweka ahadi. Wala hatutakuwa tumemrudishia mtu zawadi. Fundi hajakabidhiwa bado. Ni sie tutakuwa tumesahihisha kazi yetu kabla ya kuikabidhi, kama alivyotufundisha. Sherehe inaweza kuchelewa saa moja. Yeye amechelewa kupata mashine yake tangu kuzaliwa.

Sijui kama itasaidia. Naandika huku moyo wangu umeshaanza kukata tamaa, maana nawajua watu wetu: wataniambia umeandika vizuri, Sekela, halafu watapiga makofi cheche ikiruka. Lakini binadamu hawezi kumwona mtu anapelekwa kupumzika asikotaka akakaa kimya. Hata akishindwa.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, Fundi Mwishehe, tunakushukuru. Kwa mikono kumi na moja uliyoifundisha na huu mmoja wa kike unaojifunza bado. Kwa makontena yaliyovuka bahari na nafaka za watu bila kuingia tone. Kwa mizaha yako. Tunakuombea afya, na Bi Khairiya pia, na Kibamba ikupokee kama mtu wa kazi, si mgonjwa. Tunakuombea siku nyingi za kuamka ukiwa na kitu kinakusubiri uwanjani, watoto wa shule wamekuletea dawati lao, na wewe umeinama unaangalia kidimbwi, na mashine yako ndogo iko pembeni inakula umeme wa

Gibson ananiita kutoka karakana. Anasema niache kalamu, niende na mkasi wa jikoni upesi, Bwana Wilbert ameona ni vyema waijaribu leo isije ikawaaibisha kesho mbele ya wageni, plagi wameshaipata, kilichobaki ni kukata ile nailoni ya kwenye nya