Alama Nyekundu Kwenye Mninga

Basi la Kilosa kwenda Mikumi lilikuwa na viti vitupu, nami nikasikia kila neno. Mbele yangu, mama wa kamati ya mazingira ya kijiji alikuwa akimsihi kijana anayeendesha katapila kwenye machimbo ya kokoto. "Mkifyeka ule msitu, mwanangu, mninga wenye kiota cha tai msiuguse. Kinda halijajua kuruka."

"Tutaujuaje, mama?"

"Nimeupiga X nyekundu. Hata kipofu ataiona."

Kijana akaacha kutafuna karanga. "Nyumba za barabarani zikipigwa X, huwa zinafanywaje?"

"Zinabomolewa. Lakini huu ni mti!"

"Basi jana tulianza na wenye X."

Katika darasa la ngumbaru, nilikosoma usiku hadi nikahitimu, X ilikuwa alama ya kosa. Sijawahi kuona X iliyomwokoa mtu.

"Si mngeuliza!" mama akafoka.

"Nawe si ungeandika? Kusoma tunajua."

"Na kinda?"

Basi likasimama njia panda ya machimbo. Kijana akavaa kofia yake ngumu, akashuka. Mama akashuka nyuma yake, ingawa tiketi yake ilikuwa ya Mikumi.