Sare ya Bluu Aliyoichagua Taraivini

Kitambaa hiki cha bluu ambacho ukoo mzima umekivaa asubuhi hii, marehemu alikichagua mwenyewe. Nyeusi aliikataa. Alisema inaonyesha vumbi, na hakutaka kusindikizwa na watu wanaoonekana wachafu. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yake, na kwa ukali wake pia.

Taraivini Koroi alizaliwa tarehe 14 Mei 1958 katika kijiji cha Nalauwaki, kisiwani Waya, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Eparama na mama Losana. Miaka minne baadaye alizaliwa Unaisi, mdogo wake wa pekee, na mgongo uliombeba ulikuwa wa Taraivini. Alisoma shule ya kisiwani hadi darasa la nane. Hesabu zilimtesa, lakini hakuna mwanafunzi aliyechanikiwa sare akarudi nyumbani bila Taraivini kumshonea.

Tarehe 5 Desemba 1981 alifunga ndoa na Apisai Koroi, mfanyakazi wa kiwanda cha sukari mjini Lautoka. Walijaliwa watoto wawili, Manasa na Laisani.

Mwaka 1988 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo kilichoshona mashati ya kupelekwa Australia. Pale hakuna aliyeshona shati zima. Huyu alishona kola, yule mikono, na Taraivini akapewa mifuko. Kila pembe ya mfuko aliipitisha kwenye cherehani mara ya pili, jambo lililomkera msimamizi wake, Bi Kamla.

"Taraivini, uzi huo wa mama yako?"

"Wa kampuni, dada. Lakini funguo zitakazodondoka ni za mtu."

Bi Kamla, ambaye tuko naye hapa, anakiri kwamba alinuna wiki nzima, kisha akawafundisha wengine wafanye vivyo hivyo.

Mwaka 2005 oda zilihamia kwingine na kiwanda kikafungwa. Taraivini akageukia mitumba sokoni, huku akishona sare za harusi na misiba. Siku moja alifungua robota lililotoka Australia, akachomoa shati lililopauka, kola imelika. Alipopapasa pembe za mfuko na kukuta mshono wake wa mara mbili, alipiga ukelele soko zima likageuka.

"Umerudi, mwanangu! Huko ulikokwenda hawakukulisha?"

Mfuko ulikuwa mzima kabisa. Shati hilo hakuliuza, alimpa mumewe. Mzee Apisai amelivaa hata sasa chini ya sare, na asidhani kola hatujaiona.

Haitakuwa haki kuificha harusi ya mwaka 2011. Sakiusa, mwana wa Unaisi, alikuwa anaoa, na Taraivini aliwashonea sare watu wa pande zote mbili. Majora yote mawili, la kwetu na la wakwe, yalikuwa ya bluu, tofauti yao maua tu. Gauni la Unaisi alilikata kwa makosa kwenye jora la wakwe. Unaisi, aliyekuwa ametua asubuhi ile kutoka Brisbane, Australia, anakoishi, alivaa alichopewa, akaingia kanisani, na wahudumu wakamketisha upande wa bibi harusi. Alimwona mwanawe akioa, yeye akiwa mgeni. Watu walicheka. Taraivini naye, Mungu amsamehe, alicheka. Unaisi alirudi Brisbane kesho yake, na simu za dada yake hakuzipokea tena.

Kisukari kiligundulika mwaka 2016, na mwaka huu figo zilichoka. Taraivini hakuzungumzia kifo. Alizungumzia kitambaa. Alinunua jora hili, akakata kipande cha kila mmoja wetu, cha Unaisi kikitangulia, kisha akamtuma Laisani apige simu.

"Mwambie mama yako mdogo kwamba safari hii nimelitazama jora mara mbili. Asipokuja, sizikwi."

Unaisi alifika Jumamosi, tarehe 3 Juni 2023. Alisimama mlangoni, mkoba bado begani. Taraivini alimtazama kutoka kitandani, kuanzia juu hadi chini.

"Umerudi, mwanangu! Huko ulikokwenda hawakukulisha?"

"Acha maneno yako, dada. Sindano iko wapi?"

Walilia, wakacheka, wakala magimbi na samaki wa nazi. Vidole vya Taraivini havikuwa na nguvu tena, hivyo gauni lake la sare hii Unaisi alilishona mwenyewe, akikosolewa kila mshono. Mfuko tu Taraivini alikataa kuuachia mtu. Aliushona kwa mkono, taratibu, na kila pembe akairudia. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Juni, hapa nyumbani, sindano yake ikiwa bado kwenye mto.

Ameacha mume, Apisai, watoto, Manasa na Laisani, wajukuu watano, na mdogo wake, Unaisi, ambaye leo ameketi kwenye mkeka wa mbele, upande wetu, akiwa na sare yetu, mkono wake mfukoni.

Mungu amfunike kwa amani yake, alale salama.