Sauti Aliyoiruka Mdogo Wangu

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, kaka wa marehemu, niwasomee maisha yake, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, hata pale yanaponiumbua.

Mdogo wangu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Juni 1955, katika nyumba za watumishi wa reli ambako baba alikuwa karani wa tiketi, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho, na tangu siku hiyo mimi, mwenye miaka minne, sikubebwa tena. Alisoma kuanzia 1962 hadi 1973. Saksofoni ilikuwa yangu, baba alininunulia mwaka 1966, nikaihangaikia miaka mitatu, lakini nilipougua matubwitubwi yeye aliichukua, na nilipopona mama akaniambia nimwachie tu, maana mdogo wangu ana pumzi.

Mwaka 1974 aliajiriwa na bendi ya jazi ya hotelini, mimi nikawa fundi wa kutengeneza vyombo vya muziki, na hata wateja wangu waliniita kaka yake fulani.

Asubuhi ya tarehe 9 Agosti 1981 aliniletea saksofoni niikague kabla hajaenda kurekodi, na mimi, roho ikiniuma, nililegeza skrubu ya kifuniko kimoja ili sauti moja ya chini igome, nikamwambia iko sawa, nikakaa kibandani kungoja aibu yake. Aligundua akiwa studio, akairuka sauti ile wimbo mzima, akaacha kimya kifupi kila ilipotakiwa, na ni kimya hicho ambacho redio zilikisifu na wapigaji wenzake wakakiiga, jina lake likavuka mipaka. Hata fitina yangu ilimfaa yeye.

Tarehe 4 Desemba 1982 alifunga ndoa na mwalimu wa hisabati, ambaye, nisiseme mengi, kabla ya hapo alikuwa mteja wangu, akiniletea gitaa nilitengeneze. Wakajaliwa mabinti wawili, na wote wananipenda, jambo ambalo nalo alilifanya yeye, kwa kuwasimulia mema yangu.

Novemba 2017 mapafu yake yalianza kumsumbua, akalazwa mara nne, na Jumapili tarehe 3 Machi 2019, saa nne asubuhi, akafariki akiwa na miaka sitini na mitatu.

Juzi shemeji aliniomba niisafishe saksofoni iwekwe kando ya jeneza, nikaifungua, nikakuta skrubu imelegea vilevile nilivyoiacha. Miaka yote hiyo, kila nilipojitolea kuikagua, alinijibu iko sawa, kwa maneno yangu yale yale, na shemeji anasema hakuruhusu fundi mwingine aiguse, akidai ndivyo kaka alivyomtengenezea. Kumbe alijua, na hakuniambia. Hata katika kusamehe amenishinda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani waliotupikia na kutuazima viti, na wanamuziki wenzake mliojaa hapa hadi nje, ingawa nimewahesabu, na siku yangu sitegemei hata nusu yenu.

Skrubu sijaikaza. Pumzika kwa amani, mdogo wangu, wivu niachie mimi.