Mstari wa Mzee Subiri

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka fundi baruti wa machimbo ya mawe, aliyelipua miamba miaka thelathini na mmoja. Wenzake walimwita Mzee Subiri. Nyaya zimeunganishwa, king'ora kimelia, meneja ametazama saa mara tatu, yeye anasema, "Subiri kwanza." Kuna ndege hajatoka.

Ndege wenyewe ni mbayuwayu. Walijenga viota kwenye nyufa za ukuta wa kaskazini. Mzee Subiri ndiye aliyewaona kwanza, na ndiye aliyewaketisha kampuni na kikundi cha majirani meza moja. Wakaandikiana mkataba: ukuta ule haulipuliwi, majirani wapande miti chini yake, kampuni itoe maji na trekta.

Lakini mzee wetu alikuwa na msimamizi asiyempenda, akaogopa kufukuzwa. Akachomeka mstari wake: fundi baruti huyu akiondoka, mkataba umekwisha. Akajiona mjanja kweli! Kumbe alikuwa anajifungia mlango.

Kifua kikaanza kumsumbua. Vumbi. Daktari akamwambia aache machimbo. Akaandika barua ya kustaafu, akaichana. Mwaka uliofuata akaandika nyingine, akaichana. Hivyo hivyo miaka tisa, wasikilizaji wapendwa. Miaka tisa!

Mkewe anasimulia: "Asubuhi anakaa kitandani, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Namwambia, baba watoto, nenda ukaombe mstari ule ufutwe. Ananijibu, 'Wakiifungua karatasi ile, mama, wataifuta yote. Ndege kwisha.' Halafu anakohoa, anavaa cha pili."

Kazini nako sifa tupu. Meneja: "Mzee, bila wewe hatuna kitu." Majirani: "Mzee, bila wewe tumekwisha." Mimi mwenyewe nilimwambia hivyo hivyo hapa studio, naye akacheka kidogo tu. Najuta.

Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, kofia ngumu magotini. Na kwa mstari ule, mkataba nao ukawa umekwisha.

Siku ya nne ya msiba, mkewe alikwenda ofisini. Meneja yupo, mwenyekiti wa kikundi yupo. Akaomba kalamu, akaukata mstari. Meneja akasaini, mwenyekiti akasaini. Ukuta umepona, na chai mezani ilikuwa bado ya moto.

"Nikawauliza," anasema mama, "angewaomba akiwa hai, mngekubali? Meneja akasema, 'Tungekubali, mama. Hakuwahi kutuomba.' Nikamwambia, na ninyi je, mliwahi kumuuliza kama amechoka?"

Mama, pole sana. Watoto, poleni. Wachimbaji wote, poleni. Mungu ampumzishe mzee wetu, maana sisi hatukumpumzisha.

Nawe unayenisikiliza, yupo mtu unayemwambia kila siku kwamba bila yeye hamuwezi. Zima redio. Nenda kamuulize kama amechoka.